Kabla ya Zege

Panda sehemu yoyote ya Maisaka, hapa Babati, iliyoinuka kidogo, kisha geuka uangalie mabati. Utaona nondo. Zimechomoza nne nne juu ya fremu za maduka, juu ya nyumba za wageni, juu ya nyumba ya mwalimu mstaafu asiye na hata pikipiki. Zimeshika kutu, nyingine zimeanikwa nguo. Kila kifungu kinasema mwenye nyumba hajamaliza: Mungu akijalia, patapanda ghorofa.

Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, watu wengi walichimba msingi kwa hesabu hiyo. Lami ya kwenda Dodoma, kilomita 251, ilipozinduliwa mwaka 2018, hesabu ikazidi. Mji uko njia panda ya Arusha, Singida na Dodoma, na malori ya usiku hayakatiki. Shamba la mahindi la babu leo linapimwa kwa mita za mraba, na kijana aliyerithi robo yake anajua hawezi kutanuka kushoto wala kulia. Kilichobaki ni kwenda juu.

Ndipo wananiita. Mimi ni fundi nondo. Sijengi ukuta, sipigi lipu, sipaui. Nakata, napinda, nafunga kwa waya, kisha wengine wanakuja kumwaga zege na kazi yangu haionekani tena mpaka siku jengo litakapovunjwa, au litakapoanguka lenyewe. Nilijifunza Kariakoo, nikaifanya kazi hii kwenye saiti kubwa za Dar es Salaam, nikaifuata Dodoma, nikarudi nayo nyumbani. Ninachotaka kueleza ni zile saa chache ambazo habari za ghorofa lililoanguka hazizifikii: kati ya nondo kumalizika kufungwa na zege kuanza kumwagwa. Na zaidi ya saa zenyewe, nataka kusema habari ya malipo. Kwa nilivyoona mimi, kilichomo ndani ya nguzo hutegemea fundi analipwaje kuliko ramani inasemaje.

Kariakoo nilimfuata mjomba. Ndivyo kazi hii inavyokwenda: mmoja akishika saiti anaita nyumbani, na baada ya muda genge zima la nondo ni Wairaqw, Wagorowa na Warangi, wanataniana kwa lugha zao juu ya Mtaa wa Msimbazi. Mpemba mwenye duka la chini alituita wote Waarusha, na hatukuona haja ya kumsahihisha.

Wakati huo nyumba za Kiswahili zilikuwa zinaondoka moja moja. Nyumba yenyewe unaijua: baraza mbele, korido katikati, vyumba sita, uani choo na jiko. Babu aliijenga, akafa, akaacha warithi kumi na kitu, na hakuna mrithi mwenye uwezo wa kuwanunua wenzake. Anakuja mtu mwenye fedha, mnaandikishana ubia. Ninyi mnatoa kiwanja, yeye anajenga, sakafu mnagawana. Familia inahamia Mbagala au Chanika kwa muda, na huo muda nao una mambo yake. Sina ugomvi na ubia. Nimewaona watu waliobanana kwenye chumba kimoja wakisomesha wajukuu kwa kodi ya fremu. Hata serikali ilifanya hivyo Magomeni Kota: nyumba za zamani zikavunjwa, kaya 644 zikasubiri kwa takriban miaka kumi, na mwaka 2022 zikakabidhiwa maghorofa. Mji ukikua hauwezi kubaki na nyumba za chini katikati yake, na anayelilia mabaraza ya Kariakoo mara nyingi hakuwahi kupanga foleni kwenye choo cha uani.

Lakini ubia wa Kariakoo una haraka ndani yake. Fedha ya mjenzi inaanza kurudi siku fremu za chini zinapopangishwa, kwa hiyo hupangishwa mapema. Nimefunga nondo za ghorofa ya tano huku chini wanauza vitenge na vyombo vya plastiki. Kokoto ikidondoka, muuza duka anatoa kichwa nje, anatutukana vizuri, anarudi kwa mteja wake.

Nieleze ringi ni nini, maana ugomvi wangu wote uko hapo.

Nguzo ya zege ina nondo nene zilizosimama, nne, sita au nane, za milimita 16 au 20. Zinasaidia kubeba, lakini uzito wa juu ukizibana zinataka kupinda zitoke nje. Kinachozizuia ni ringi: nondo nyembamba ya milimita 8, imepindwa umbo la mraba, imezizunguka zile nene. Katikati ya nguzo unaipanga kila baada ya sentimita 15 au 20, na karibu na bimu zinasogeleana, kila sentimita 10. Ncha mbili za ringi zinakutana kwenye kona moja, na hapo kuna namna mbili za kuzimaliza. Ya haraka ni kuzipinda digrii 90, zikalala kando ya uso wa nguzo. Ya pili ni kuzipinda zaidi, digrii 135, ziingie ndani kabisa ya nguzo kwa urefu wa mara kumi ya unene wa nondo yenyewe, yaani sentimita 8 kwa nondo ya milimita 8. Nguzo ikielemewa, zege la nje ndilo linaanza kubanduka. Likibanduka, ringi ya kwanza inafunguka na nondo nene zinatoka zake. Ya pili inaendelea kushika.

Mezani, tofauti ya kupinda hii na ile ni sekunde chache tu. Meza yenyewe ni ubao mnene uliogongelewa vipande vifupi vya nondo, na chuma cha kupindia chenye mdomo. Mkono ukizoea unapinda huku unapiga soga. Kazi iko kwenye kuivalisha. Ringi ya digrii 135 haiingii ubavuni kirahisi. Uivalishe kutoka juu, au uitanue na kuibana upya ikiwa mahali pake. Na pale bimu nne zinapokutana na nguzo, nondo ni nyingi hata kidole hakipiti. Jua linawaka, waya umekuchana mikono, mtu wa mbao amesimama nyuma yako na nyundo anakuuliza mbona humalizi. Ndipo fundi anaziacha. Ringi tatu au nne ndani ya maungio hazipo, mbao zikishafungwa hakuna wa kujua. Niliwahi kuwepo nguzo moja ilipovunjwa kwa marekebisho, mtaa sitautaja. Nyundo ilipofika kwenye maungio pakawa patupu: nondo sita zimesimama kila moja na lake, hazikushikwa na chochote.

Kuna na mambo mengine yanayojificha. Vibiskuti, vile vipande vya zege tunavyofunga kwenye nondo ili isiguse mbao: ukiviacha, nondo inalala ukingoni, hewa ya Dar es Salaam yenye chumvi inaifikia, na baada ya miaka kadhaa unaona ufa mwekundu umeshuka na nguzo. Kuna urefu wa kupandishana, pale nondo moja inapoishia na nyingine inaanza: nondo ya milimita 16 inataka sentimita 80 hivi za kulala na mwenzake, na mwenye kubana matumizi anakupa 40. Na kuna nondo yenyewe. Ninatembea na kipimo mfukoni, na nimeshapima nondo iliyouzwa kama ya 12 ikasoma 11. Milimita moja watu wanaiona ndogo. Ukipiga hesabu ya mviringo, umepoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya chuma ulicholipia.

Sasa malipo. Kwenye saiti nyingi za mtaani hakuna mshahara, kuna mapatano. Bosi anakubaliana na fundi mkuu: slabu hii kwa kiasi hiki. Nondo wana chao, mbao wana chao, zege wana chao. Fundi mkuu anakata sehemu yake, anawagawia mafundi, mafundi wanawagawia saidia fundi. Kazi ya siku sita mkiimaliza kwa nne, mbili ni zenu, mnakimbilia saiti nyingine. Bei ya slabu haibadiliki mkiweka ringi 200 au 150. Hakuna anayepanga kuua mtu. Watu wana kodi ya chumba Manzese na ada ya mtoto, na kila ringi iliyoachwa ni dakika zilizorudi mfukoni.

Genge la zege ndilo lina haraka kuliko wote, maana lenyewe hulipwa siku hiyo hiyo. Wanafika watu sitini alfajiri, wanaume na wanawake, mashine inaunguruma, ndoo zinapita mkono kwa mkono ngazi kwa ngazi. Zege kavu ni zito na halitaki kukaa. Zege la maji linajitandaza lenyewe. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka maji lita 25 hivi, na mchanga ukiwa umelowa, chini ya hapo. Mtu wa mashine akiongeza lita kumi, kazi inakuwa laini, watu wanaimba, saa nane mchana wameshanawa. Zege hilo limepoteza theluthi moja ya nguvu yake au zaidi. Na kwa macho linapendeza, uso wake unang'aa. Bosi anasifia.

Kwa hiyo swali ni dogo tu. Katika saiti ile, asubuhi ile, nani anaweza kusema leo hatumwagi?

Fundi nondo hawezi, ameshamaliza na anadai. Fundi mkuu hawezi, ameshachukua nusu. Mtu wa zege ndiyo kwanza anataka kuanza. Bosi anaona mchanga wake unaliwa na mvua. Mhandisi ambaye jina lake limeandikwa kwenye bango la mbele, lile la sheria lenye jina la mkandarasi, mshauri na namba ya kibali, anakuja akiitwa, na anaitwa mambo yakiharibika. Bodi ziko: ya wahandisi, ya makandarasi, ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. OSHA, ya usalama kazini, iko. Kibali cha manispaa kimo ndani ya faili. Lakini saa kumi na mbili asubuhi pale juu hakuna bodi, kuna watu sitini na mashine imeshawashwa.

Nilimwona mtu akisema, mara moja. Dada mmoja mhandisi, bado kijana, alifika kabla ya ndoo ya kwanza akiwa na futi ya mkononi. Akapima nondo za nguzo ya kona, akapima tena. Akasema, "Hii haimwagwi."

Bosi akamjibu kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali: "Dada yangu, watu sitini wamesimama hapo chini. Nani atawalipa?"

"Wewe, mzee."

Akakaa juu ya mifuko ya saruji, akatoa daftari, akaanza kuandika. Hakupandisha sauti. Mashine ikazimwa. Watu wa zege wakapewa nusu siku na wakatulaani sisi wa nondo mpaka wa mwisho alipotoka getini. Tukaongeza nondo mpaka usiku kwa taa ya jenereta. Zege likamwagwa kesho yake. Baada ya slabu mbili hatukumwona tena, tukaambiwa amepata kazi kwingine. Jengo lile bado limesimama. Nikipita Dar es Salaam huwa naliangalia ile kona.

Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, sisi tulikuwa kazini, kwa sababu sikukuu kwa fundi wa mapatano ni siku ya kusogeza kazi. Asubuhi simu zikaanza kulia. Ghorofa lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi, la ghorofa 16, limekaa chini. Watu 36 walikufa, mafundi na wapita njia, na watoto waliokuwa wakicheza jirani. Kwa taarifa zilizotolewa wakati ule, kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Mjomba akashuka bila kusema neno, akaenda kuangalia maungio ya chini ya jengo letu, kana kwamba angeweza kuona kitu kupitia zege.

Wiki zilizofuata wahandisi walikuja kila siku. Tulivaa kofia ngumu. Vibiskuti vikapatikana. Kisha mvua za masika zikapita, na kofia zikarudi stoo.

Nimefanya pia kazi kwenye saiti za minara, kama kibarua wa mshahara, na huko nilijifunza jambo ambalo watu wengi hawaliamini nikiwaambia: urefu wa jengo si kipimo cha hatari. Majengo pacha ya PSPF pale katikati ya jiji yana ghorofa 35 kila moja, na mtu akipita chini anainua shingo na kuogopa. Mimi naogopa zaidi la ghorofa sita linalojengwa kwa mauzo ya duka. Kwenye saiti kubwa niliyoingia, nondo zikiisha kufungwa fundi anaondoka, anakuja mkaguzi na karatasi. Bila sahihi ya mkaguzi gari la zege haliagizwi. Gari likifika lina risiti inayoonyesha saa zege lilipochanganywa. Wanajaza koni ya chuma ya sentimita 30, wanaivua, wanapima zege limebonyea kiasi gani. Likibonyea kupita kipimo, gari linageuzwa. Wanajaza viboksi vya sentimita 15 kila upande, wanavilaza kwenye maji, vinavunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28. Kule niliweka ringi zote. Si kwamba nilikuwa nimeokoka. Nililipwa kwa siku, na ringi iliyoachwa haikuniongezea kitu.

Hela yake, niseme ukweli, ilikuwa ndogo kuliko ya mapatano. Ila kulikuwa na NSSF, na kulikuwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi mwaka 2015. Saiti za mtaani saidia akianguka anachangiwa. Kijana wa kwetu, kutoka upande wa Dareda, alianguka kutoka ghorofa ya tatu akavunjika nyonga. Bosi alitoa nauli ya basi na elfu kadhaa za dawa. Alipoulizwa habari ya fidia akauliza, yeye amemwajiri nani? Na kwenye karatasi alikuwa sahihi. Hakuwa amemwajiri mtu yeyote. Alikuwa amepatana bei ya slabu.

Tusijione peke yetu. Tarehe 6 Mei 2024 huko George, Afrika Kusini, jengo la makazi la ghorofa tano lililokuwa linajengwa liliporomoka na watu 34 wakafa. Wengi wa waliokuwa ndani walikuwa wageni kutoka Msumbiji, Malawi na Zimbabwe, wafuata kazi kama sisi tuliotoka Manyara. Uchunguzi ulipotoka, kilichonishika si saruji mbovu, ingawa nayo ilikuwepo. Ni kwamba afisa usalama wa mwanzo alikuwa ameshajiuzulu mwaka mmoja kabla kwa sababu ya wasiwasi wake, na kazi ikaendelea. Yaani alikuwepo mtu wa kusema leo hatumwagi. Alisema kwa miguu yake, na hapakuwa na mlango ambao neno lake lingepitia likasimamisha mashine.

Novemba mwaka huo huo ikawa zamu yetu tena. Jumamosi, tarehe 16, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Hili halikuwa jengo jipya. Lilikuwa ghorofa lenye maduka, watu wamefungua biashara asubuhi. Zaidi ya watu 20 walikufa, na walionasa chini walikuwa wakiwapigia simu ndugu zao. Maneno ya mtaani mara moja yakaelekea chini: kwamba kulikuwa kunachimbwa ili kupata nafasi zaidi ya maduka. Serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Nilikuwa nimesharudi Babati. Nilikaa na redio nikijaribu kukumbuka nguzo zangu mtaa kwa mtaa.

Kurudi kwenyewe kulipitia Dodoma. Serikali ilipohamia kule, maghorofa ya wizara Mtumba yalivuta mafundi kutoka kila pembe, na lami ikafanya Babati iwe safari ya asubuhi na kurudi. Nilipomaliza kule nikakaa nyumbani, nikafanyiwa na VETA, wale wa ufundi stadi, majaribio ya kurasimisha ujuzi, nikapewa cheti cha kazi niliyokuwa nayo mikononi miaka yote. Watu wanakicheka cheti. Mimi nakitandika mezani kwanza, ndipo tunazungumza.

Babati ina mambo yake mawili ambayo Kariakoo haina. La kwanza ni udongo. Viwanja vya bondeni, kuelekea ziwani, vina mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, unaingiza mkono mzima kwenye ufa. Ukishuka kidogo unakutana na maji. Wazee wanakumbuka ziwa lilivyopanda mwaka 1990. Msingi wa mawe unaobeba nyumba ya bati bila shida unaanza kucheza ukiutwika slabu. La pili liko chini zaidi. Sisi tuko kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 7 Mei 1964 tetemeko la 6.4 lilipiga upande wa Mbulu na Ziwa Manyara, na wakati ule nyumba nyingi zilikuwa za miti na udongo, zenye kuyumba zikarudi. Bukoba mwaka 2016 walipigwa na dogo kuliko hilo, 5.9, na tuliona matofali yalivyomwagika. Tetemeko linaisukuma nguzo kwa ubavu, na linaipiga palepale kwenye maungio, panapoachwa ringi. Hili nawaambia wateja wangu wakiwa wamekaa, maana wamezoea kudhani adui wa ghorofa ni uzito tu.

Na uzito nao hawaujui. Mwenye duka mmoja, mtu mwema, alinitaka niunganishe nondo zilizochomoza juu ya fremu zake tumwage ghorofa. Nikamwandikia chini kwa chaki: mita 10 kwa 10, unene sentimita 15, ni zege mita za ujazo 15. Mita moja ya zege ina kilo 2,400. Tani 36, kabla ya ukuta, kabla ya mpangaji, kabla ya kitanda. Akaangalia ile chaki. Nikamwomba ruhusa tuchimbe kando ya nguzo moja. Chini tukakuta mawe yaliyopangwa na udongo mwingi katikati, na nguzo imesimama juu yake bila kitako. Nondo nne za 12, ringi kila baada ya sentimita 30, zingine za milimita 6.

"Lakini nondo niliziacha kwa ajili ya ghorofa," akasema.

"Nani alikuambia zinatosha, mzee?"

Alikuwa fundi aliyejenga. Fundi huyo alilipwa kwa mapatano, na kuacha mita moja ya nondo juu ya kila nguzo ilikuwa sehemu ya mapatano. Hakuna aliyepiga hesabu chini. Nilimwambia njia ziko: mhandisi apime udongo, tuweke nguzo mpya kando zenye vitako vyake, zile za zamani zibaki kubeba ukuta wao tu. Inagharimu. Amekwenda kufikiri. Huenda amempata mwingine asiyeandika kwa chaki.

Genge langu la sasa ni vijana, wengi wamepita VETA hapa hapa mjini, wanasoma ramani kwenye simu haraka kuliko mimi. Nilipowaambia kwamba mimi nalipa kwa siku, si kwa slabu, nilidhani watafurahi. Mmoja wao, tena aliye bora kuliko wote kwa mkono, akanifuata pembeni.

"Kaka, kwa mapatano mimi saa nane nimemaliza, naenda kuendesha bodaboda. Kwa siku unanifunga mpaka saa kumi na moja. Wewe unalinda nguzo, mimi nani ananilinda?"

Alikuwa na hoja. Mwenye jengo naye ananibana upande wa pili: kwa mapatano anajua bei yake mapema, kwa siku anaogopa vijana watakaa kivulini. Na kivuli cha mwembe wa Maisaka mchana kina nguvu, nisiseme uongo.

Tumevutana, tukafika hapa. Msingi, nguzo na maungio ya bimu nalipa kwa siku, na hapo sitaki kusikia habari ya kumaliza mapema. Wavu wa slabu, ambao ni nondo zilizolala wazi, kila moja unaiona na kuihesabu ukiwa umesimama, nawapa kwa mapatano waondoke saa wanayotaka. Kwenye karatasi ninayosainiana na mwenye jengo kuna mstari mmoja nimeuongeza kwa mkono: genge la zege haliitwi mpaka siku ya pili baada ya nondo kuisha, na siku hiyo ya katikati ni ya mhandisi, analipwa na mwenye jengo, aje asije. Wengine wanaukata mstari huo kwa kalamu kabla hawajasaini. Nikiona umekatwa, nakunja karatasi, nashukuru kwa chai.